Besi Zinazolia kama Ng'ombe

Mimi sijawahi kupuliza tarumbeta hata siku moja, na sitaki mtu anihurumie kwa hilo. Niko na masikio. Harusi yoyote ikialika bendi ya kupuliza, watoto wangu hunikalisha mbali na wapigaji, maana wananijua. Tarumbeta ya pili ikishuka kidogo tu, uso wangu unaharibika, na kuna albamu za watu ambazo nimekunja sura kila picha. Nimeambiwa nina maringo. Ni kweli ninayo, na nitaeleza niliyatoa wapi.

Nilizaliwa Ukambani, upande wa Machakos, na baba yangu alipiga besi katika bendi ya kanisa. Besi ni lile dude kubwa la shaba ambalo mtu hulikumbatia kifuani, mdomo wake mpana ukitazama juu. Kila Jumamosi alilisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukaweza kuchana nywele mbele yake. Siku moja nilimwomba anipe nilipulize. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema msichana akipuliza midomo inavimba, na midomo ikivimba nani atakuja kukuoa? Woi! Nililia kwa hasira siku nzima. Lakini hakuna aliyenikataza kuketi nje ya kanisa wakati wa mazoezi. Nikaketi pale, mgongo ukutani, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikaweza kumwambia baba ni nani alikosea na alikosea wapi. Mwanzoni alishangaa. Baadaye akawa ananiuliza mwenyewe kabla hajavua viatu.

Nikaolewa, midomo ikiwa mizima. Katikati ya miaka ya tisini mume wangu akapata kazi kwenye kiwanda cha saruji Athi River, tukahamia Kitengela. Kitengela ya wakati huo haikuwa hii ya magorofa. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, ploti zilizopigwa vigingi, halafu nyasi mpaka macho yachoke. Punda milia walikuja kulala karibu na choo chetu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua viatu. Jua likiwaka, upepo ulikutilia vumbi kwa sufuria. Nilimwambia mume wangu narudi kwetu, yeye abaki na punda milia wake. Sikurudi, na sababu ni bendi.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na ndani yake tulikuwa watu wa aina mbili: sisi wa Ukambani tuliofuata kazi, na Wamaasai wenye nchi. Tuliketi pande mbili bila mtu kutupanga. Tulisalimiana mlangoni, sopa, epa, kila mtu akaenda kwa wenzake. Halafu kanisa kubwa la mjini, lile lililotuzaa, likatuazima vyombo vya bendi. Vilikuwa vya zamani, vingine vimebonyea kama sufuria ya jeshi, lakini vilikuwa kamili: tarumbeta, tromboni, ngoma, na besi tatu. Walisema wazi kwamba ni vya kuazima, na sisi tuliitikia amina bila kufikiria sana neno hilo.

Mwalimu wa bendi alikuwa Mmaasai aliyefundisha shule ya msingi huko Isinya, mtu mpole wa sura na mkali wa fimbo. Tarumbeta aliwapa Wakamba kwa sababu wengi wetu tulitoka kwenye makanisa yenye bendi. Besi aliwapa ndugu watatu, wafugaji, watoto wa baba mmoja, warefu na wenye vifua vya milango. Hawakuwa wamewahi kushika chombo. Lakini walikuwa waimbaji. Mnaijua ile sauti ya kooni ya Wamaasai, inayokaa chini ya wimbo na kuubeba wote? Hiyo ndiyo waliyoingiza ndani ya besi, maana hawakujua kuna sauti nyingine ya kuingiza.

Tarumbeta ya kwanza alikuwa mume wangu. Alipiga vizuri, na hakuhitaji kuambiwa. Aliweza kupanda juu mpaka mbwa wa mtaa wajibu, kisha akainua chombo jua likimulike, na kina mama wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilimpenda kwa sababu ya tarumbeta hiyo hiyo, siku bendi yao ilipotembelea kanisa la kwetu. Hata siku hiyo nilisikia anakimbia mbele ya wenzake. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa na meno mazuri.

Zoezi la kwanza lilifanyika uwanjani nyuma ya kanisa, kwa kuwa ndani ya mabati zile kelele zingetuua. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Nikasimama mwisho wa uwanja kwenye seng'enge, mtoto mgongoni, nikasikiliza. Wimbo haujafika katikati nikapayuka.

"Tromboni ya kushoto iko chini! Na tarumbeta ya tatu anatudanganya, hapulizi kitu!"

Bendi yote ikanyamaza. Mwalimu akageuka taratibu. "Mama, ni wewe unafundisha ama ni mimi?"

"Ni wewe, mwalimu. Lakini huyo hapulizi."

Tarumbeta ya tatu, mfanyakazi wa shamba la maua, akatazama viatu vyake. Kweli alikuwa anajaza mashavu hewa tu. Mwalimu hakuwa mtu wa kuaibishwa mbele za watu. Akaniamuru nigeuke nitazame barabara, halafu akawapigisha mmoja mmoja, huku mimi nikitaja: huyo ni tromboni ya kulia, yuko sawa, huyo ni tarumbeta ya pili, amechoka. Akajaribu kunitega kwa kuwabadilishia vyombo. Nikamwambia chombo ni kile kile lakini pumzi ni ya mtu mwingine. Wale ndugu wa besi wakaanza kucheka, kile kicheko chao cha tumboni, na kaka mkubwa akasema, "Mwalimu, wacha huyu yeyo. Huyu ni mchungaji. Anajua ng'ombe zake hata akifunga macho."

Yeyo ni mama kwa Kimaa, na toka siku hiyo wote watatu waliniita hivyo.

Basi nikapata kazi ambayo sijaona bendi nyingine ikiwa nayo. Mwalimu alisema mpigaji hasikii bendi, anajisikia yeye na jirani yake, na hata mwalimu mwenyewe pale mbele anasikia walio karibu. Cha maana ni kile kinachomfikia mtu wa mbali. Kwa hiyo kila Jumamosi nilisimama kwenye seng'enge na kitambaa cheupe mkononi. Nikiinua mkono wa kulia, tarumbeta zipunguze. Nikiinua wa kushoto, besi. Mikono yote miwili, simameni, mnatuaibisha. Na kitambaa nikikifunga kichwani, maana yake nimeridhika. Jua la Kitengela lilinichoma utosi vizuri kabisa, kwa sababu hicho kitambaa kilikataa kabisa kupanda kichwani.

Mwaka uliofuata ile mvua ya El Nino tukaenda Kajiado kwenye mashindano ya bendi za makanisa. Pale nikaona kitu kilichonifurahisha kuliko bendi zenyewe. Majaji walikaa chini ya turubai wameupa uwanja mgongo, wanatazama ukuta mtupu wa turubai, na hawakuruhusiwa kugeuka. Hawakujua nani ana sare mpya wala nani anacheza vizuri na fimbo ya kuongozea. Waliletewa namba na sauti, basi. Nikasema moyoni, hawa ni watu wangu.

Tukapiga. Mwishoni maoni ya majaji yakasomwa kwa kipaza sauti, mbele ya umati mzima, namba baada ya namba. Yetu ikafika. "Besi zinalia kama ng'ombe. Tarumbeta hazingoji mtu."

Uwanja ukaangua kicheko. Kina mama wa kwetu wakajifunika leso nyuso. Mimi nilitamani ardhi ya Kajiado inimeze na vumbi lake. Lakini wale ndugu watatu walitazamana, wakatabasamu meno yote nje. Kaka mkubwa akaweka besi yake chini taratibu, akavuka uwanja mzima, ndugu zake wakimfuata, akaingia chini ya turubai na kumshika mkono jaji wa katikati, aliyeandika maneno yale.

"Ashe oleng," akamwambia. Asante sana.

Jaji akabaki mdomo wazi. Angejuaje? Hawa ni watu walioamka na ng'ombe tangu utotoni, wanaomjua fahali wao kwa mlio kutoka ng'ambo ya bonde, na hapo mtu msomi kutoka Nairobi amesimamisha mashindano kusema besi zao zinalia hivyo hivyo. Hawajawahi kusifiwa namna hiyo na mgeni. Na mume wangu naye hakubaki nyuma. Alinijia akiwa amejaa furaha. "Umesikia, mama watoto? Hatungoji mtu!"

Nikamwambia ndiyo, nimesikia. Tulikuwa wa mwisho kasoro mmoja.

Jumapili iliyofuata akaja mzee wa kanisa kubwa. Aliongea kwa upole, na ule upole ndio uliochoma. Alisema kuna kanisa lingine limeomba vyombo na linangoja. Alisema mwaka ujao atakuja Kajiado mwenyewe, na pikapu. Tukiingia katika tatu bora, vyombo vitakuwa vyetu moja kwa moja. Tusipoingia, vitapakiwa pale pale uwanjani na kwenda zake.

Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Watu walidhani tunalilia shaba. Lakini bila bendi, zile pande mbili za kanisa zingerudi kuwa pande mbili, sopa mlangoni na kwaheri. Na mimi je? Bila ile seng'enge mimi nilikuwa nani Kitengela? Mke wa mtu wa saruji, mwenye vumbi kwa sufuria. Pale uwanjani nikiinua mkono, wanaume wazima walinyamaza. Sikuwa tayari kunyang'anywa hicho kitu, na nasema hivyo bila haya.

Mwalimu akaamua dawa ni kuwanyamazisha ng'ombe. Jumamosi ile akaja na sweta kuukuu na blanketi, akazishindilia ndani ya midomo ya besi. Kaka mkubwa akaitazama besi yake kwa huzuni kweli. "Mwalimu, umemfunga mdomo," akasema. "Sasa atakula nini?"

Hakuna aliyecheka. Wakapiga, na kule kwenye seng'enge kilichonifikia kilikuwa tarumbeta tupu, nyembamba, zinakimbizana kama kuku walioona mwewe. Chini yake hapakuwa na kitu. Nikainua mikono yote miwili na sikungoja wasimame. Nikakatiza uwanja nikiwa nimeshika kitambaa kama mtu anayeenda kupigana.

"Mwalimu, toa hizo nguo. Jaji alisema maneno mawili, nyinyi mkasikia moja."

"Gani hilo?"

"Alisema tarumbeta hazingoji mtu. Besi ziko mahali pake, ni nyinyi mnazikimbia! Zikibaki peke yake nyuma, lazima zisikike kama ng'ombe amepotea. Mtu akiwa na wenzake, nani atamcheka?"

"Nani anakimbia?" mwalimu akauliza.

Kila mtu alijua. Walikuwa wanangoja kuona kama nitasema. Nikainua kidole nikamwonyesha baba wa watoto wangu.

"Huyu," nikasema. "Wengine wanamfuata."

Ai, nyumbani kuliwaka baridi! Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alinyamaza. Alikula akiwa ametazama ukuta. Akitaka kitu alimtuma mtoto, na mimi nimeketi pale pale, magoti yetu karibu yagusane: "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Nami nikamjibu kwa mtoto huyo huyo: "Mwambie baba yako chumvi hata haijazidi, ni yeye amezidi." Mtoto akawa anacheka peke yake katikati yetu. Lakini mimi moyoni nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu aliowapenda, kwa kitu alichokipenda kuliko mshahara wake, na sikuweza kurudisha neno kwa sababu lilikuwa kweli. Sikumbembeleza. Ningembembeleza ningekuwa namdanganya, na masikio yangu hayajui kudanganya.

Halafu Jumamosi moja, wenzake wakipanga foleni, alimpa yule wa shamba la maua tarumbeta yake akavuka uwanja mikono mitupu. Alikuja mpaka kwenye seng'enge. "Leo nasimama na wewe," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila kupitia kwa mtoto.

Bendi ikaanza. Zile sweta zilikuwa zimetolewa. Besi zikaja kwanza. Zilikuja chini chini, zikitambaa kwenye nyasi, mpaka ukazihisi miguuni kabla ya masikio. Tarumbeta, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzivuta, zikatua juu ya besi zikakaa. Ng'ambo ya seng'enge ng'ombe wa wale ndugu walikuwa wanakula. Wakaacha kula. Wakainua vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakageuka wote kutazama kanisa, na dume kubwa la mabaka likajibu.

Mume wangu alishika waya wa seng'enge asiuachilie mpaka wimbo ukaisha.

"Hii ndiyo huwa unasikia kila Jumamosi?" akauliza.

"Hii ni mara ya kwanza naisikia," nikamjibu. "Huwa nakusikia wewe."

Akageuza uso kando. Nilidhani nimemmaliza kabisa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa milima ya Ngong, baridi, na macho yake yalikuwa na maji, akasema ni vumbi. Mimi nikakubali ni vumbi.

"Sasa mama watoto, mimi nikae wapi?"

"Juu ya besi. Ukiacha kuzisikia, ujue umekimbia."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi yenyewe. Mwalimu akamtoa mume wangu mbele akamweka ubavuni mwa kaka mkubwa, bega kwa bega, akamwambia avute pumzi pale mwenzake anapovuta. Ilimtesa! Miaka yote alikuwa amezoea kuwaongoza watu kwenda juu, sasa anafundishwa kungoja. Akianza tu kuchomoka, kaka mkubwa alitoa mdomo kwenye besi akamwambia kwa utaratibu, "Polepole, rafiki. Hakuna simba." Bendi yote ilicheka, na siku ya kwanza mume wangu alikasirika, na baadaye akawa anacheka naye. Baada ya mazoezi wakawa wanakuja wote wawili nyumbani kunywa chai, Mkamba na Mmaasai, wanabishana kuhusu pumzi. Kanisani akahama upande akaenda kuketi kwa kina besi. Nami nikamfuata, kwani nibaki nafanya nini?

Na mimi kwenye seng'enge sikulegeza. Nilikuwa mkali kuliko mwanzo. Ule mkono wa kulia ulipanda na kushuka mpaka ukaniuma bega. Kitambaa kilibaki mkononi mpaka juma la mwisho, na mwalimu akaniuliza, "Mama, kwani hutaridhika hata mara moja kabla tuende?" Nikamwambia nitaridhika siku nikiridhika.

Siku ya Kajiado ikafika, asubuhi ya baridi na upepo usio na adabu. Kitu cha kwanza nilichoona ni pikapu ya kanisa kubwa. Ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume kando ya uwanja, mlango wa nyuma umeachwa wazi, magunia ya kufungia vyombo yamekunjwa vizuri ndani. Damu ilinichemka. Nikaipita karibu nikaipiga teke tairi, kidogo tu, watu wasione. Utarudi mtupu, wewe, nikaiambia.

Bendi zilikuwa nzuri mwaka huo, sitazidharau. Kulikuwa na moja kutoka upande wa Ongata Rongai, tarumbeta zake safi kabisa, lakini besi zilikuwa zimelala. Nyingine ya Kiserian ilikuwa na ngoma kali mno mpaka ngoma ikala wimbo wote. Ya tatu walipiga kila noti sawasawa, na sikumbuki hata moja, maana hapakuwa na mtu ndani yake. Nilikuwa nawapa alama moyoni, na mama mmoja aliyekuwa karibu nami akasogea mbali kwa sababu nilikuwa naongea peke yangu.

Ikaitwa namba yetu. Nikaacha umati, nikatembea mpaka mwisho wa uwanja kwenye ua wa miti, mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kusimama kusikiliza bendi. Kwangu pale ndipo pa kazi. Nikawaona wakijipanga, wadogo kwa mbali, zile besi tatu zikizidi vichwa vya wote. Upepo ukavuma kutoka kwangu kwenda kwao, yaani vibaya kabisa, unarudisha sauti ilikotoka. Nikasema, Mungu wangu, leo hata mimi sitasikia kitu.

Nikasikia. Besi zilipita chini ya upepo, zikaja zikanifikia miguuni kama pale kwa seng'enge. Tromboni zikaingia. Tarumbeta zikatua. Nikatega sikio kumtafuta mume wangu, kama ninavyomtafuta kila mara, tayari kuinua mkono wa kulia, na sikumpata. Ameacha kupiga? Midomo imepasuka? Nikakaza macho mpaka nikaona mashavu yake yamejaa, kifua kinapanda pamoja na cha kaka mkubwa, kinashuka pamoja naye. Alikuwa anapiga. Alikuwa ndani, katikati ya sauti zote, na kulikuwa na wimbo mmoja tu uwanjani.

Kitambaa kikanishinda kukifunga vizuri. Nikakifunga hivyo hivyo, upande upande, kichwani. Nililia, naam, nililia kwa sauti peke yangu kule kwenye miti, na kwa mbali nikamwona mwalimu akinitazama juu ya vichwa vya watu, halafu akageukia bendi yake na mkono wake ukapanda kama wa mtu aliyerudishiwa ujana.

Hapo ndipo yule jaji wa katikati alipofanya kilichokatazwa. Aligeuka. Aligeuka na kiti chake chote, mbele ya umati, akaweka viganja magotini akatazama. Uwanja ukapiga kelele, na wenzake wawili wakamvuta koti, na yeye hakujali.

Kipaza sauti kilikoroma mara mbili kabla ya kusoma. Mimi nilikuwa nimesharudi, nimesimama kati ya kina mama, tumeshikana mikono, vidole vinaumana. Namba yetu ilisomwa mwisho. "Besi zinalia kama ng'ombe," sauti ikasema, na kabla watu hawajacheka ikaongeza, "na mtu asiziguse. Nambari moja."

Sijui niliruka vipi. Najua nilipoteza kiatu. Wamaasai wakaanza kuruka kwa mtindo wao, kina mama wa Kikamba wakaingia katikati wakitikisa mabega kwa mtindo wetu, filimbi zikalia, na vumbi la Kajiado likapanda mpaka tukapotea ndani yake. Mzee wa kanisa kubwa alikuja na magunia yake mkononi. Kaka mkubwa akayapokea kwa heshima zote, akayatandika nyuma ya pikapu, halafu akatuamuru kina mama tupande tukalie, maana sisi ndio tutarudi nayo Kitengela. Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Tulipita Isinya tukiimba, lakini hilo lilikuwa baadaye.

Kwanza mume wangu alinitafuta. Alipenya watu akinijia, tarumbeta kwapani, midomo imevimba kweli kweli, na uso ule wa mtu anayeogopa kuuliza. Aliona kitambaa kichwani mwangu lakini alitaka kusikia kwa mdomo wangu.

"Mama watoto. Umenisikiaje?"

"Sikukusikia," nikamwambia. "Hata kidogo."

Nikaona neno likimwingia taratibu mpaka likafika. Kisha akapangusa mkono wake kwenye suruali ya sare, akaunyoosha, akanishika mkono wangu kwa nguvu mbele ya kanisa lote.

"Ashe oleng," akaniambia.